Mlinzi wa Taa za Sori na Upande wa Ziwa Uliotoweka

Saa moja jioni inakaribia, na maboti ya omena, dagaa wa ziwani, yanatoka Sori moja baada ya jingine. Kila boti linapoukaribia mwamba ulio mwisho wa ufuo, mtu mmoja anasimama nyuma, anavua shati na kuifunika taa. Likishapita, shati linavaliwa, taa inaonekana tena na injini inaongezwa kasi. Hakuna anayecheka wala kupunga mkono.

Juu ya mwamba ameketi Zadock Odoyo, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, amejifunga koti la mvua ingawa mbingu ni nyeupe. Ndiye anayefichwa taa. Na kazi yake, jamani, ni kuziangalia taa hizo hizo.

"Nimezoea," anasema bila kugeuza kichwa. "Hapa karibu hawataki niwaone. Wakifika mbali, upepo ukianza, hapo sasa wanataka niwaone."

Mwandishi ameketi kushoto kwake, karibu kiasi cha kugusana mabega. Mzee anapaza sauti kuelekea ufuoni na kuwauliza wanawake wanaokunja nyavu za kuanikia omena kama yule mgeni ameshaenda zake. Mwandishi anajibu kwamba yuko papo hapo. Zadock anashtuka, na ni lazima tukiri, walioshtuka walikuwa wawili.

Huku Nyatike, kaunti ya Migori, watu humwita jarit, yaani mlinzi. Mchana huchaji taa za wavuvi kwa paneli za sola zilizo juu ya kibanda chake. Jioni hupanda mwambani. Omena huvuliwa kwa mwanga: taa huachwa zikielea, samaki hujazana chini yake, halafu wavu huzungushwa. Mbali na hizo, kila boti lina taa yake moja iliyofungwa kwenye mti nyuma na kuvishwa kipande cha plastiki cha rangi. Njano imekatwa kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia, bluu kwenye ndoo, kijani kwenye chupa ya soda.

Mtu aliyezoea anajua kila rangi ni boti la nani. Moja ikipotea, Zadock anagonga rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na maboti yaliyobaki ufuoni yanakwenda kutafuta. Kila boti humlipa shilingi hamsini kwa usiku. Mwezi ukiwa mpevu omena haivuliki, basi naye hupumzika na mfuko wake hupumzika pia.

Kazi ina namna yake, na alifundishwa na mlinzi aliyemtangulia. Mlinzi wa Sori hazungushi macho. Anachagua mahali pamoja, palepale ambapo kilima cha mbali kinagusa maji, na anapakazia macho bila kupepesa. Taa huziacha zije zenyewe pembeni.

"Taa ndogo ukiikodolea inakimbia," anaeleza. "Ukiangalia kando yake, inakuja. Jaribu na nyota, utaona sidanganyi."

Hadanganyi. Mwandishi alijaribu, na nyota hafifu kweli huonekana vizuri zaidi kwa pembe ya jicho. Basi kwa miaka mingi Zadock aliishi kwa pembe za macho yake. Na huko huko pembeni ndiko kitu kilikoanza kula.

Taa ya kwanza ilipotea yapata miaka mitatu iliyopita, jioni ya ziwa tulivu.

"Haikuzimika," anasema polepole. "Taa ikizimika unaiona vile inazimika, inafifia au inakatika. Hii ilikuwa pale, halafu ikawa kama haijawahi kuwa. Hata giza lake halikubaki. Maji tu, yametulia."

Akagonga rimu. Vijana wakatoka mbio na injini mbili. Walilikuta boti salama, taa inawaka, watu wanakunywa chai ya chupa. Vicheko vikarudi nao mpaka ufuoni, na aliyecheka kuliko wote ni baharia wa boti hilo, kijana wa Kisii aliyeitwa Ogeto. Alimwambia mlinzi, "Mzee, umenizika mapema, hata sijaoa."

Wiki chache baadaye Ogeto alikwenda Rangwe, upande wa Homa Bay, kumwona dada yake sokoni. Lori lililokatika breki likamkuta kando ya barabara. Alifia pale, mbali kabisa na maji.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sori ikaanza kuunganisha. Mwaka uleule taa ya mwenye boti mmoja mzee ikapotea machoni pa Zadock, na mwenyewe akafa usingizini kabla ya msimu kwisha. Taa nyingine nyingi zilipotea pia, na wenyewe wako hai hadi leo, wananenepa. Lakini nani hukaa akawahesabu wasiokufa?

Wake za wavuvi wakaanza kwenda kwake asubuhi. Walisimama mlangoni bila kupiga hodi, vichwa vimefunikwa shuka, wakauliza swali lilelile.

"Jana umetuona?"

Akisema ndiyo, waliondoka kimya. Akisita, walikaa chini palepale kizingitini.

Ndipo mashati yakaanza kufunika taa. Wangwe, nahodha aliyevua pamoja na mpwa wa Zadock, anaeleza bila haya. "Mimi sina ubaya na mzee. Lakini watu walisema taa ikiingia kwa jicho yake ikiwa karibu, haitoki tena. Sasa wewe utafanya nini? Unafunika tu."

Nchi kavu nayo ikaanza kumfanyia visa. Mtu alikuwa akitokea mbele yake ghafla, mzima mzima, bila kuja kutoka popote. Mbuzi aliyekuwa akimtazama alitoweka akiwa bado analia. Nyumbani alibakiza ugali upande mmoja wa sahani, siku zote upande ule ule, na mkewe akadhani chakula kinamchukiza.

Kibaya zaidi zilikuwa salamu. "Unasikia mtu anakwambia oimore, hiyo ni salamu ya jioni kwetu. Unaangalia, hakuna mtu. Sauti iko hapa, kwa sikio. Mtu hayuko."

Watoto wa ziwani hufunzwa mapema kwamba magharibi ikiingia, sauti isiyo na uso haijibiwi. Zadock akafuata mafunzo. Akaacha kuitikia. Majirani waliokuwa wamesimama kushoto kwake wakiwa na nyuso zao zote wakaona mzee anawapita kama miti, wakaongeza hilo kwenye yale waliyokuwa wakiyasema.

Inahuzunisha kumsikiliza, maana yeye mwenyewe aliamini. Hakuwa na uchawi wala kisasi na mtu. Alikuwa na hofu tu, na hofu hiyo ikamfikisha kwenye uamuzi ambao leo anautaja akiwa ameinamisha kichwa.

"Nikasema basi. Kama kuiona ikipotea ndiyo inaua, mimi sitasema tena. Nikinyamaza labda haitahesabiwa."

Tangu siku hiyo rimu haikugongwa. Taa zilipotea na kurudi, zikapotea na kurudi, na Zadock akatulia juu ya mwamba akiwa ameuma meno. Kila alfajiri maboti yote yaliporudi alishukuru, akidhani kimya chake ndicho kilichowaokoa.

Jioni moja ya mwezi wa nne mwaka jana, taa ya bluu ilipotea.

Ilikuwa ya boti alimokuwa Levis, mtoto wa marehemu dada yake. Kwa Wajaluo mtoto wa dada ni okewo, mtu wa kwenu kabisa, anayeweza kuingia kwako akafunua chungu bila kuuliza. Upepo ulikuwa umeanza kutoka upande wa Gwassi. Zadock aliikazia macho ile sehemu yake ya kilima na maji, akangoja bluu irudi. Haikurudi. Akaendelea kungoja. Mkono wake ulikuwa kwenye chuma cha kugongea rimu.

Hakugonga.

Asubuhi Wangwe na mwenzake mmoja waliokotwa wakiwa wameng'ang'ania mitungi mitupu. Levis hakuwa nao. Alitafutwa kwa maboti, kwa nyavu na kwa maombi, na ziwa likakaa nacho chake.

Maiti isipopatikana, ukoo hauachi kaburi wazi. Walikwenda wakachuma yago, lile tunda refu zito linaloning'inia kama gunia dogo, wakalivika shuka jeupe, wakalilaza ndani ya nyumba na kulililia kama mtu. Damaris, mjane wa Levis, aliketi kando yake kama wanavyoketi wajane. Wanaume wakalibeba mabegani wakalizika kwa jina la Levis. Waliokuwapo wanasema lilikuwa zito kuliko walivyotarajia.

Baada ya mazishi, Zadock alisimama mbele ya watu akavua kofia.

"Niliiona ikipotea," akasema. "Sikugonga."

Akaendelea. Alisema anamwomba Damaris msamaha, na akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kiti cha plastiki kilichokuwa kitupu. "Mama, popote ulipo katikati ya hawa watu, nisamehe. Njoo nikuone."

Damaris alikuwa amesimama kushoto kwake, hatua moja tu. Alikuwa hapo tangu mzee alipoanza kusema.

Kilichofuata bado kinasimuliwa Sori. Watu waliona mzee anazungumza na kiti kitupu ilhali mjane anapumua begani mwake. Mmoja akarudi nyuma, wa pili naye, kisha uwanja ukafunguka na wawili wale wakabaki peke yao. Damaris akainua mkono, akaupitisha taratibu kando ya uso wa mzee. Jicho halikupepesa. Mkono ulipofika mbele kabisa ya pua, Zadock aliruka kama mtu aliyeguswa na nyoka.

Aliyewasogelea wa kwanza ni Sumeya, mfanyabiashara kutoka Garissa anayeuza betri, nyaya na taa katikati ya Sori, aliyekuja kutoa rambirambi.

"Mimi nilikuwa najua kuna kitu," anasema Sumeya akiwa dukani kwake, akipanga betri. "Nikimwekea chenji upande huu, haichukui. Anangoja. Nikidhani ananichezea, mzee mtani. Siku ile nikaona, nikasema wallahi huyu hana pepo. Baba yangu alianza hivyo hivyo. Alikuwa anajigonga kwa milango iko wazi. Alipopelekwa kwa daktari, macho ilikuwa imekwisha."

Aliusema ugonjwa mbele ya watu wote: presha ya macho. Wengine walimwamini. Wengi walisema mgeni hajui mambo ya ziwa.

Damaris ndiye aliyempeleka Homa Bay. Watu walishangaa mjane wa Levis kumshika mkono mtu aliyenyamaza mumewe akizama, na mwandishi pia alimuuliza. Alijibu bila kukunja uso. "Kila mtu alikuwa anataka kujua kama amelaaniwa. Mimi nilikuwa nataka kujua kama aliona au hakuona. Hizo ni vitu mbili tofauti."

Katika kliniki ya macho, afisa aitwaye Jerusha alimketisha mbele ya mashine yenye umbo la bakuli kubwa jeupe, akamziba jicho moja. Alimpa kitufe mkononi. Aliambiwa aikazie macho nukta iliyo katikati, asizungushe jicho, na kila kijitaa kitakapowaka pembeni abonyeze.

Zadock alicheka. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya tangu ujana.

"Sijawahi kupata mgonjwa anayetulia vile," anakumbuka Jerusha. "Wengine jicho linakimbia kila saa. Yeye aliganda. Nikaanza hata kuogopa kidogo."

Alibonyeza, akabonyeza, kisha akaacha. Muda ukapita. Mwishowe akasema kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji, kwamba stima imepotea.

"Stima iko, mzee," Jerusha akamjibu.

"Basi hii mashine imekufa. Taa haziji."

"Zinakuja. Zimekuwa zikiwaka muda huo wote. Endelea tu kuangalia katikati."

Zadock anasema hapo mwili ulimsisimka kuliko siku yoyote mwambani. Alikuwa ameketi ndani ya chumba, mchana kweupe, mbele yake ziwa dogo jeupe limejaa taa, na hakuna hata moja aliyoiona. Picha ilipotoka kwenye karatasi, upande mmoja ulikuwa mweusi. Aliweka kidole juu ya weusi huo akauliza, "Hapa ni maboti ya nani?"

Jerusha hakuelewa swali. Damaris alielewa, akatoka nje.

Dakta Onchiri, mpasuaji wa macho anayefika hapo kwa zamu, alimweleza kwa lugha ya nyumbani. Jicho hutengeneza maji yake ndani, na maji hayo si machozi. Yanatakiwa kutoka kupitia mfereji mdogo. Mfereji ukiziba, presha hupanda na kuukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huanza kufa kutoka pembeni. Hauumi. Mahali palipokufa mtu haoni weusi, maana ubongo hupajaza kwa kile kilicho jirani: ukuta kwa ukuta, maji kwa maji. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimevaa rangi ya ziwa.

"Kwa hiyo zile taa zilikuwa zinawaka?" Zadock aliuliza.

"Zilikuwa zinawaka."

"Na ile ya bluu?"

Daktari alisema hilo hawezi kulijua. Huenda ilikuwa inawaka mzee alipoipoteza, ikazama baadaye kabisa. Huenda ilizama palepale. Mashine haiwezi kurudi nyuma ikaangalia.

Alianzishiwa matone. Presha ilishuka lakini haikushuka vya kutosha, na mikono inayotetemeka ilipeleka nusu ya dawa shavuni. Dakta Onchiri akamwekea mezani njia zilizobaki. Kuna leza, mwanga unaopigwa kwenye mfereji ili maji yapite vizuri, na mgonjwa anarudi kwake siku hiyo hiyo. Kuna upasuaji mkubwa wa tangu zamani, wa kufungua njia mpya kwenye ukuta wa jicho, wenye nguvu kuliko zote lakini wenye uangalizi mrefu na hatari zake. Na kuna upasuaji mdogo wa kisasa, unaopitia tundu dogo sana, ambapo mfereji ule ule wa asili huzibuliwa au huwekewa kibomba.

"Kabomba kenyewe ni kadogo kuliko punje ya wimbi," anasema daktari. "Jeraha ni dogo, mtu anapona haraka. Lakini hatumdanganyi mgonjwa. Hakashushi presha sana kama upasuaji mkubwa, na wengine wanaendelea na matone. Kanafaa jicho ambalo halijaharibika sana, hasa kama tayari tunaliingia kutoa mtoto wa jicho."

Jicho la kulia la Zadock lilikuwa hivyo: limeanza kuliwa upande wa pua, na lina mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limekwenda mbali, kibomba kisingetosha. Daktari alishauri waanze na la kulia, kwa kuwa ndilo lililokuwa likimshikilia. Na neno moja alilirudia hadi likaeleweka: kilichopotea hakirudi, kinacholindwa ni kilichobaki.

Ilikuwa bahati nasibu ya kutisha. "Hilo moja ndilo linaniongoza mpaka chooni," anasema Zadock. "Akilikosea, nimekwisha. Nisipompa, nimekwisha pia, polepole tu."

Mchango wa baadhi ya maboti na bima vilisaidia gharama. Wapo waliochanga huku wakiendelea kufunika taa zao, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku ya upasuaji jicho lilitiwa ganzi, yeye akabaki macho. Alichokiona juu ya kitanda kile hajakisahau, na anakisimulia kwa sauti ya chini.

"Kulikuwa na taa juu, kubwa, inatikisika. Na maji yanapita katikati yangu na hiyo taa. Nikajua mahali nilipo. Nilikuwa chini ya ziwa, naangalia taa ya boti kutoka chini. Ilikuwa kimya. Nikasema, sasa Levis, hivi ndivyo ulivyoona."

Dakta Onchiri anasema wagonjwa wengi huona mwanga wa darubini ya upasuaji na maji ya kusafishia jicho, na hilo ni jambo la kawaida. Zadock anamsikiliza kwa heshima. Habishani naye. Lakini maelezo ya daktari hayajamtoa pale alipokuwa.

Presha ya jicho la kulia ikashuka na imekaa chini hadi sasa. Ukungu wa mtoto wa jicho uliondoka, na katikati ya ziwa pakawa safi kuliko alivyopajua kwa miaka. Pembeni kushoto pamebaki vilevile, maji yaliyotulia yasiyo na mtu. Jerusha alimfunza kugeuza kichwa, kulifagia ziwa huku na huku badala ya kulikodolea. Mazoea ya maisha hayavunjiki kwa siku moja. Mara nyingi hujikuta ameganda tena, na pembe ile inaanza kumeza taa.

Kamati ya ufuo ilifikiri kumwondoa. Damaris akaenda kwenye kikao akasema yeye atakaa naye. Hakuna aliyempinga mjane wa Levis.

Jioni ya pili ya ziara hii Damaris anafika mwambani akiwa na leso begani na thermosi ya chai, anaketi kushoto kwa mzee. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye maneno machache. Maboti yanapita, mashati yanapanda na kushuka. Giza linaingia. Taa zinaanza kuchanua majini, na mazungumzo yao yanakuwa ya namna moja.

"Kijani siioni."

"Ipo, baba."

"Njano?"

"Ipo. Imesogea karibu na Wangwe."

Mwandishi aliketi nyuma yao na, kusema kweli, nywele zilimsimama. Mwanamke huyu alikuwa akisoma, taa baada ya taa, sehemu ile ile ya ziwa iliyomchukua mumewe, kwa niaba ya mtu aliyenyamaza. Alipoulizwa kama haimuumi, alisema inamuuma kila siku. "Lakini mahali pale sasa panaangaliwa," akaongeza.

Kitu kama saa mbili hivi, Zadock alisema, "Ile nyekundu siioni."

Damaris alinyoosha shingo, akaitafuta.

Mzee akageuza kichwa, akalifagia ziwa hadi mwisho wake, akarudi. "Damaris. Nyekundu."

"Hata mimi siioni," akasema.

Zadock alikuwa ameshasimama. Rimu iligongwa mara nyingi, kwa nguvu, sauti ikapita juu ya mabati yote ya Sori. Milango ikafunguka huko chini. Mwandishi aliwaona watu wakisimama wakikodolea mwamba, na kwa muda mfupi hakuna aliyesogea. Wanaume watatu wakashika boti, wengine wakawafuata, wanawake wakasukuma kwa nyuma wakiwa ndani ya maji hadi kiunoni. Injini zikanguruma.

Walirudi wakilivuta boti lenye taa nyekundu. Waya ulikuwa umekatika na injini imekufa, na upepo ulikuwa unaanza kulisukuma ndani. Watu wote wanne walikuwa wazima. Mmoja alipita chini ya mwamba, akasimama kana kwamba anataka kusema kitu, akaendelea na safari yake.

Zadock alikaa chini. Damaris akammiminia chai na kukiweka kikombe kulia kwake, anakokiona.

Mwezi ujao atarudi Homa Bay kwa jicho la kushoto, ule upasuaji mkubwa anaouogopa. Daktari ameshamwambia kwamba hata ukifanikiwa hatapata tena ule upande. Alipoulizwa basi anatumaini nini, aliuelekeza uso kwenye maji.

"Sitaki kuongezewa," akasema. "Nataka nisipunguziwe tena. Kwa sababu leo nimesema taa imepotea, na watu wamekimbilia majini. Zamani walikuwa wananikimbia mimi."